Pikipiki ya Mwaka Ambao Hawakuuagiza

Jumatano ya tarehe tisa Oktoba, mwaka themanini na tano, ndiyo siku maisha yangu yalipoharibika, na usiku wa jana niliota wakubwa wameniita nichague pikipiki upya.

Kabla ya ndoto nieleze siku yenyewe, maana wapo watakaosema mzee Mwakasungula sasa anaropoka. Siropoki. Nilikuwa mchanja ng'ombe wa kata, huku kwetu Rungwe kwenye migomba na mvua. Darasa la nne, sindano mfukoni, kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa ile ndogo ya kupandia milima, matairi ya matuta, madigadi ya mbele imekaa juu kama imeshangaa. Ilikuwa ya mwaka themanini na moja. Katikati ya siti ilikuwa na mkanda wa ngozi, wa kushikia anayepakiwa.

Mke wangu Tusajigwe alikuwa anashika mkanda huo. Kwetu sisi Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe. Akimwona mbele anaacha njia, anaingia migombani, anafunika uso mpaka mzee apite. Na barabara ya zahanati inapita mlangoni kwa baba yangu. Sasa ukiwa juu ya pikipiki huwezi kuingia migombani. Kwa hiyo tukifika pale, mkono mmoja wa Tusajigwe ulishika mkanda, mwingine ulivuta kanga usoni. Tukapita salama. Kunishika kiuno mbele ya mkwe wake, hilo halikuwepo kabisa.

Jumatatu ya wiki ile wakubwa wa wilaya waliichukua ya themanini na moja, wakanipa ya themanini na nne. Mpya, inang'aa, siti ndefu, imeinuka, inateleza kama sabuni, haina mkanda. Nikauliza. Wakaniambia, ndugu, hiyo ni modeli ya kisasa, shukuru. Jumatano Tusajigwe alikuwa na homa, nikampakia. Baba alikuwa barabarani na fimbo yake. Tusajigwe alifunika uso kwa mikono miwili.

Aliteleza akaanguka, na nilifika zahanati nimembeba, hapumui. Ofisini waliandika uzembe wa abiria. Huyo abiria ndiye nilikuwa nakula naye.

Basi, ndoto.

Niko jikoni kwangu nachemsha ndizi. Nafunua sufuria nione kama zimeiva. Ndani hakuna ndizi, kuna ngazi. Nashuka, mwiko ungali mkononi, kwa sababu sikuona mahali pa kuuweka.

Chini ni ghala la wilaya. Mlangoni amesimama kisanduku changu cha barafu, kile cha chanjo, amevaa kofia ya mgambo.

"Umechelewa," ananiambia.

"Nimechelewa nini?"

"Kuchagua. Leo Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Ile."

Nikamwangalia. Hakuwa anatania, kwanza hajawahi kutania tangu nimjue.

"Ingia basi ufunge mlango," akasema. "Barafu yangu inayeyuka, halafu kesho utasema chanjo zimeharibika, utanisingizia mimi."

Naingia. Mkuu wa Mifugo ananipokea. Mkuu wa Mifugo ni muhuri. Sisemi anafanana na muhuri. Ni muhuri wenyewe, wa mti, shingo nyembamba, kichwa cha duara kimeng'arishwa na viganja vya watu, na amevaa suti ya mikono mifupi. Kila anapokaa anaacha maandishi: IMEPOKELEWA. Alishakaa kwenye viti vyote, kwenye meza, kwenye dirisha. Paka wa ofisi alipita mbele yangu ana IMEPOKELEWA mgongoni, na alionekana ameshazoea.

"Ndugu Mwakasungula," anasema Muhuri, "malalamiko yako ya mkanda tumeyafikiria sana."

"Mmeyafikiria miaka yote hii?"

"Sana. Sasa wilaya inakupa nafasi. Chagua pikipiki. Mwaka wa pikipiki utakaochagua ndio utakaoupanda, na humo ndimo utakamoishi."

"Humo kwenye mwaka?"

"Humo humo. Mvua zake, foleni zake, watu wake. Ukishapanda hushuki."

Nikamwuliza nachagua vipi.

"Mwenye cheti anachagua kwa mkono. Wewe cheti unacho?"

"Darasa la nne hawatoi cheti."

"Basi utachagua kwa mguu."

Akakaa kwenye pipa, pipa likapokelewa.

Ya themanini na moja imesimama kushoto, imeegemea stendi yake, vumbi mpaka kwenye taa. Naijua. Ile sehemu ya tangi iliyobonyea ilibonyea kwa pembe la ng'ombe wa mzee mmoja wa Lwangwa ambaye hakutaka chanjo, ng'ombe wala mzee. Naikaribia, inakohoa.

"Karibu, ndugu," inasema. Siku zile sote tulikuwa ndugu.

"Platini zako zinakusumbua bado?"

"Asubuhi tu. Ukizisugua kidogo kwa msasa naamka."

Nakwenda moja kwa moja kwenye siti. Mkanda upo. Naushika, navuta, hautikisiki. Ngozi imelainika upande mmoja, ule wa mkono wa kulia wa Tusajigwe. Nikasimama pale nimeushika, na Muhuri akajikohoza kunikumbusha kwamba ni saa za kazi.

"Tusajigwe yupo?" nikaiuliza.

Pikipiki ikainamisha usukani. "Fungua tangi uangalie mwenyewe."

Nafungua kifuniko, nachungulia. Ndani ni mwaka. Naona mvua ya themanini na moja, naona duka la ushirika na foleni ya sabuni, na mimi nimo kwenye foleni, nina nywele. Redio inatuambia tufunge mikanda. Tulifunga. Sikujua watakuja kuchukua mpaka ule wa siti.

Natafuta. Namwona mbali sana, kwao Mwakaleli, anatwanga mpunga na dada zake, wanacheka jambo ambalo sikulisikia. Nikamwita. Akageuka, akaangalia juu, akawauliza wenzake, "Huyu ni nani?"

"Hanijui," nikaiambia pikipiki.

"Hakujui bado, ndugu. Mlijuana mwakani."

"Basi nitasubiri mwakani."

"Mwakani haimo humu. Mwaka wangu ukifika Desemba unarudi Januari ile ile."

"Kwa hiyo mkanda upo."

"Upo, tena imara."

"Wa kuushika hayupo."

"Hayupo. Utakuwa unapakia madumu ya maziwa."

Nikafunga tangi. Haikuwa kosa lake, nikaipigapiga siti, nikasogea.

Ya themanini na nne iko kulia, ndefu, inang'aa mpaka naiona sura yangu ya uzee kwenye tangi. Hii haiiti mtu ndugu. Inaniita mzee, na sauti yake ni ya mtu aliyetoka semina jana.

"Mzee, mimi sina platini. Natumia elektroniki."

"Sijakuuliza."

"Shokapu yangu ni moja tu, iko katikati, imefichwa. Mzee unaweza kupita kwenye shimo ukadhani ni godoro."

"Fungua tangi."

Ilifungua yenyewe. Nachungulia, namwona hapo hapo, sikumtafuta. Amekaa barazani kwetu, sweta la kijani, anamenya ndizi, maganda anamrushia mbuzi. Ananung'unika peke yake kwamba mbuzi mwenyewe anachagua kama mkaguzi. Halafu akainua kichwa.

"Wewe, funga huko. Unaniingizia vumbi."

Nikafunga. Nilisimama kidogo, mkono juu ya kifuniko, ili nisifungue tena.

"Umemwona?" inaniuliza ya themanini na nne. "Yupo kamili. Panda twende."

"Mkanda uko wapi?"

"Mkanda wa nini?"

"Wa kushikia anayepakiwa."

"Abiria anamshika dereva. Imeandikwa."

"Na nani?"

"Na waliokaa kikao."

"Walikaa wapi?"

"Mbali."

"Huko mbali wana wakwe?"

Ikafikiri. Indiketa ikawaka kushoto, ikawaka kulia.

"Hilo halikuwa kwenye ajenda," ikasema.

Nikamgeukia Muhuri. Nikamwambia waziwazi, kushoto kuna mkanda hakuna mke, kulia kuna mke hakuna mkanda, na huyu wa kulia mimi najua barabara yake inaishia wapi. Akasema huo ndio uhuru wa kuchagua, na kwamba wilaya nyingine hawakupewa hata hiyo miaka miwili.

Nikachukua mwiko, nikaenda kuufungua ule mkanda wa themanini na moja. Mwiko uliingia kwenye nati kama spana.

"Chukua, ndugu," pikipiki ikaniambia. "Mimi na madumu tutafungana kamba."

Muhuri anapiga kelele kwamba spea ya mwaka mmoja haiingii mwaka mwingine, kuna utaratibu. Mimi naubeba mkanda mikononi kama mtoto. Navuka. Nilipofika katikati mikono ikawa mepesi. Naangalia, mkanda haupo. Haukuanguka, haukukatika. Ulivuka tu kwenda kwenye mwaka ambao haukuwa nao.

Hapo katikati nilipokuwa nimesimama palikuwa patupu. Sakafuni kulikuwa na madoa mawili ya oili, kama pikipiki zilisimama pale siku nyingi.

"Hapa pana nini?" nikauliza.

"Hapana kitu," akasema Muhuri. "Hiyo ni nafasi ya themanini na mbili, na hiyo ya themanini na tatu. Hazikuletwa. Fedha za kigeni hazikuwepo."

"Mimi nilioa themanini na mbili."

"Haiwezekani, ndugu. Huo mwaka hatukuuagiza."

"Nilioa kanisani. Watu walikula, wakapika tena, wakala."

"Walikula mwaka gani?"

"Themanini na mbili."

"Hatukuuagiza."

Niliona anamwita kisanduku cha barafu, wananong'ona. Akarudi amenyooka zaidi.

"Mahari mlitoa?"

"Tulitoa ng'ombe."

"Basi ni ng'ombe waliotolewa katika mwaka usiokuwepo. Wilaya inawarudisha kwa wenyewe. Na mwanamke anarudi kwao."

Ukuta wa ghala ukafunguka, ng'ombe wa mahari ya mke wangu wakaingia kinyumenyume, mkia mbele. Nawajua wote, niliwachanja mwenyewe. Yule mwenye doa jeupe alisimama kunisalimia.

"Samahani shemeji," akasema. "Tumeitwa."

"Na nani?"

"Hawakusema. Sisi tukiitwa tunakwenda. Mama yetu alikuwa hivyo, na sisi hivyo hivyo."

"Msiende."

"Unatuambia sisi? Waambie hao."

Akaendelea kurudi nyuma. Kila ng'ombe aliyevuka mlango, kitu kimoja cha nyumbani kwangu kilinitoka kichwani. Wa kwanza, nikasahau rangi ya gauni. Wa pili, nikasahau alivyokuwa akiniita akikasirika. Wa tatu alipoanza kuvuka nikajua wakiisha wote nitakuwa mtu ambaye hajawahi kuoa, mzee tu anayelalamikia mkanda wa siti.

Sasa ghala limekuwa josho. Sijui lini. Maji ya dawa ya kupe yamefika kiunoni, ng'ombe wanaogelea kinyumenyume, pikipiki zimeinua matairi ya mbele zisilowe pua. Muhuri amelowa pia. Wino unamtoka, unatengeneza njia nyeusi kwenye maji. Alijaribu kukaa kwenye ukingo, ukaandikwa IMEPOKE, basi.

"Chagua," anasema, sauti imepungua. "Chagua sasa, la sivyo tutakuchagulia."

"Mlishanichagulia mara moja."

"Na hukuchagua mwenyewe, kwa hiyo huna haki ya kulalamika."

Nilikuwa nimevumilia mpaka hapo. Nikatupa mwiko. Nikatembea kwenye maji mpaka kwenye doa la oili, lile la themanini na mbili, bado lilionekana chini. Nikasimama juu yake, nikapanua miguu kama mtu aliyepanda, nikainua mguu wa kulia.

"Hapo hakuna kitu," anasema Muhuri.

"Ninyi hamkuleta. Si kwamba hakuna."

"Utaanguka."

"Nianguke."

"Huwezi kupanda kitu ambacho hakipo kwenye ghala la wilaya."

"Nilikaa nao mwaka mzima, mimi na yeye. Tulilima, tulikosa chumvi, tuligombana habari ya kuku. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikapiga kiki. Mguu ulipita hewani ukagonga maji. Ng'ombe wakasimama. Nikapiga tena, chini yangu kitu kikakohoa. Themanini na moja ikanipigia kelele kutoka kushoto, "Vuta choki, ndugu, vuta choki," nikanyoosha kidole mahali choki ingekuwa, nikavuta. Kiki ya tatu ikawaka.

Sikuona kitu. Nilikuwa nimekaa juu ya hewa, magoti yamebana hewa, na chini ya hewa injini inanguruma vizuri kuliko zote nilizowahi kuendesha. Yule ng'ombe mwenye doa jeupe akaniangalia, akageuka, akaanza kutembea mbele. Wenzake wakamfuata, kichwa mbele, wakatoka kurudi walikotoka. Rangi ya gauni ikanirudia. Lilikuwa la maziwa, si jeupe, na yeye alisisitiza watu wasiseme jeupe.

Niko barabarani. Ni asubuhi, ukungu umelala kwenye mashamba ya chai, udongo mwekundu umelowa. Tusajigwe amesimama kwenye njia ya kwetu, kanga mbili na lile sweta.

"Wewe Angolwisye," ananiambia, "umekaa juu ya nini?"

"Ya themanini na mbili."

"Mbona siioni?"

"Haikuletwa."

"Ahaa." Jibu likamtosha. Akapapasa, akaona pa kukalia, akakaa upande kama kawaida yake. "Siti yake ya baridi. Watu wengine waume zao wanapewa gari."

"Waume zao wana vyeti."

"Na wewe una mdomo. Twende."

Tukaenda. Akapapasa tena mbele yake.

"Mkanda uko wapi?"

"Hakuna?"

"Kuna upepo."

 Kwenye mteremko wa kwanza cheni ikatoka. Nilisikia inavyotoka, ile sauti ya kusaga meno. Nikasimama, nikataka kushuka.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Wewe ukirudisha cheni unairudisha pamoja na kidole."

Ilikuwa kweli, kazi hiyo alikuwa anaifanya yeye siku zote. Akachuchumaa, vidole vikafanya kazi kwenye hewa, kwenye meno ya gurudumu ambalo hatulioni wala mimi wala yeye. Akaguna, akavuta, ikakaa. Alipoinuka viganja vilikuwa vyeusi kwa grisi, vinang'aa. Akatafuta pa kufutia, nyasi zote zimelowa, akapanda hivyo hivyo, mikono ameiinua kama mtu anayeombewa.

Tukakata kona, na baba yuko barabarani.

Ana blanketi lake na fimbo yake. Pembeni yake amesimama Muhuri, amelowa, suti imemganda, sijui alipitia njia gani, wenye vyeo huwa wanafika.

"Mzee," Muhuri anamwambia baba, "mila inasemaje? Mwambie mkweo afunike uso. Wilaya inaheshimu mila."

Baba anaegemea fimbo. Nyuma yangu nahisi mikono inapanda kwenda usoni. Miwili yote. Ninajua kinachofuata, nimekiona kila usiku kwa miaka yote hii, na mara zote huwa nina mdomo uliofungwa. Safari hii ulifunguka.

"Tusa, nishike."

"Mbele ya mkwe?"

"Mbele ya mkwe. Mbele ya wilaya. Mbele ya aliyeziagiza na aliyeacha kuziagiza."

"Watasema sina adabu."

"Walisema uzembe. Nimewasikia kwa masikio yangu. Waseme na hilo."

"Mikono yangu ina grisi, Angolwisye."

"Nishike nayo."

"Shati litaharibika."

"Liharibike."

 Baba anakaribia, naona mistari ya blanketi. Halafu nikahisi viganja viwili kiunoni, baridi, vinateleza, vikakaza. Hakufunika uso. Alimtazama mkwe wake mbele ya watu wote, na pumzi yake naisikia shingoni, inakwenda mbio.

Baba yangu, mtu ambaye hajawahi kumpisha mtu njia, hata mchungaji, akatutazama. Akainua blanketi lake, akajifunika uso yeye. Akaacha barabara, akaingia migombani. Majani yakamfunika. Tulipokuwa tunapita nilimsikia humo ndani anasema, "Ndaga," neno letu la kusalimu na la kushukuru, na hakusema ni lipi kati ya hayo mawili.

Tusajigwe naye akaitikia, "Ndaga, tata," yaani baba. Ndiyo mara ya kwanza walizungumza.

Muhuri amebaki peke yake katikati ya barabara. "Anayepisha ni mke," anasema. "Imeandikwa." Akakaa chini ili atupokee. Sikupunguza mwendo. Tulipopita ilisikika kama mtu amekanyaga kibiriti.

"Nini hicho?" akauliza Tusajigwe.

"Kitu cha ofisi."

"Usisimame basi."

Tukafika zahanati. Mlango uko wazi, benchi liko nje, nesi anafagia.

"Si ndiyo hapa?" akasema.

"Ndiyo hapa."

"Mbona husimami?"

"Una homa?"

Akafikiri. "Sina."

"Basi."

Tukapita. Barabara ya kupita zahanati sikuwahi kuifikia na yeye. Ilikuwa inapanda, ina mawe, na migomba ya watu tusiowajua. Akaniuliza tunakwenda wapi, nikafungua mdomo nimjibu, nikaamka.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kumekucha. Nililala na shati kwa ajili ya baridi, shati la kijivu, nililifua mwenyewe Jumamosi. Nikajinyanyua kitandani, nikaona ubavuni kuna weusi. Upande wa kulia kiganja na vidole vinne vimekuja mbele. Upande wa kushoto hivyo hivyo. Viganja vyangu vilikuwa safi. Niliviweka juu ya alama zile, vyangu vikapita kwa kila upande, maana zile ni za mkono mdogo. Nyumbani kwangu hakujaingia pikipiki tangu mwaka ule, sikuitaka hata ya kupita uani.

Sikulivua. Nimeteremka nalo mpaka kituo cha bodaboda, nikamwonyesha Gwakisa, ambaye ni fundi na ni mtu mzima. Akashika, akanusa.

"Mzee, hii grisi ya cheni," akasema. "Tena mbichi. Nani kakushika hivi?"

"Mke wangu."

Akaniangalia, akatoa kofia, akanipakia bure mpaka mjini.

Sasa hivi niko ofisi ya mifugo ya wilaya, kwenye benchi. Binti wa mapokezi amenisalimia kwa heshima, shikamoo babu, nikuandikie nini. Nikamwambia shati. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake akamwita mkubwa wake. Wamenizunguka, wameinama, hakuna aliyegusa. Mmoja amesema nilivue waliweke kabatini, nimekataa. Mwingine amesema nirudi wiki ijayo, nimemwambia benchi si baya. Chai wameleta. Swali langu niliwauliza taratibu, kwa Kiswahili, na nitakaa hapa na shati langu mpaka mmoja wao atakapolijibu: grisi hii imetoka kwenye pikipiki ya mwaka gani?